Barua ya wazi kwa wahariri wa X-Men: mwacheni Ororo ailipie mvua yake

Kwa: Wahariri wa vitabu vya X-Men, Marvel, New York
Yah: Ororo Munroe, aitwaye Storm

Ndugu wahariri,

Baada ya salamu. Wanaowaandikia ni wasomaji wanaovisoma vitabu vyenu vya picha vya kikosi cha X-Men kwa Kiingereza na kuvibishania kwa Kiswahili. Neno letu ni juu ya mtu mmoja tu wa kikosi hicho: Ororo, shujaa wa kubuni anayeamuru mvua, upepo na radi, binti wa mama Mkenya na David Munroe, mpiga picha wa habari kutoka Marekani. Orodha zenu wenyewe za wasifu wa wahusika zinasema anajua Kiswahili. Na mwaka 1975, mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walipomleta kwa mara ya kwanza katika Giant-Size X-Men namba 1, mahali Profesa Xavier, mwanzilishi wa kikosi, alipomkuta ni Kenya. Kwa hiyo tunayo haki ya kusema.

Mabishano juu yake yana kambi mbili kubwa. Wa kwanza ni wapima nguvu: angemweza Thor, mungu wa radi wa vitabu vyenu, au hangemweza, radi ya nani inatii amri ya nani. Hawa hawachoki, na sisi tumeacha kuwajibu. Wa pili ni wahesabu miaka, na hawa wana hoja. Wolverine, mwenzake kikosini, alitokea 1974. Kufikia 1982 alikuwa na kitabu chake cha matoleo 4, na 1988 akapata cha kudumu, kisichopangiwa mwisho. Ororo alitokea mwaka mmoja baada yake. Kitabu chake kifupi cha kwanza ni cha 1996, vingine vikaja 2005 na 2006, na cha kudumu kikasubiri hadi 2014, miaka 39 tangu azaliwe kwenye karatasi, kikakatwa baada ya matoleo 11. Hesabu hiyo haihitaji wakili.

Lalamiko letu ni jingine. Kwa miaka mingi mmekuwa mkimwongezea Ororo uwezo na kumfutia bei yake. Mtu aliyepewa kila kitu bure, mwandishi anakosa pa kumshikia.

Chukueni miaka ya 1983 hadi 1988, muiweke mezani. Katika Uncanny X-Men namba 170, Ororo anapigana kwa kisu na Callisto, mkuu wa Morlocks wanaoishi chini ya jiji, na anamchoma moyoni. Callisto anaponywa na mganga wao, lakini Ororo alikuwa ameapa kutoua, na mkono wake umeshafanya ulichofanya. Matoleo matatu baadaye anarudi na nywele zilizonyolewa pembeni na nguo za ngozi, na Kitty Pryde, msichana aliyemwona kama mama, anamkimbia. Watu hukumbuka zile nywele kama mtindo. Ilikuwa risiti ya kile kisu. Mwaka 1984, namba 185, bunduki iliyobuniwa na mvumbuzi Forge, ikiwa imelengwa kwa Rogue, mwenzake Ororo kikosini, inampata yeye na kumnyang'anya uwezo wote. Toleo linalofuata, mwandishi Chris Claremont na mchoraji Barry Windsor-Smith walipewa kurasa maradufu, na sehemu kubwa wakaitumia kwa watu wawili ndani ya nyumba moja: mwanamke aliyepoteza mbingu na mwanamume aliyetengeneza silaha iliyomnyang'anya. Namba 201, mwaka 1986, bado hana hata upepo wa kuzimia mshumaa, anamshinda Cyclops katika chumba cha mazoezi na kuchukua uongozi wa kikosi. Uwezo ulirudi 1988. Zaidi ya miaka mitatu bila radi, na hadi leo ukimwuliza mpenzi wa Ororo ni kipindi gani alikuwa mtu kamili, wengi watakuonyesha hicho.

Sasa linganisheni na 2019. Kitabu chenu cha House of X kilitoa orodha ya wale wa ngazi ya Omega, na Ororo yumo kwa hali ya hewa. Omega, kwa tafsiri yenu, ni yule ambaye kikomo cha juu cha uwezo wake hakipimiki. Kwenye orodha hiyo ni heshima. Kwa mwandishi mwenye kurasa 20 na wahusika saba, ni mzigo: adui yupi atadumu hadi ukurasa wa 20 mbele ya mtu asiye na kikomo? Ndipo hila zinapoanza, na tunazijua kama tunavyojua njia ya sokoni. Ya kwanza, anapigwa kisogoni ukurasa wa 3 na kuzinduka ukurasa wa 18, apige radi moja, hadithi iishe. Ya pili, anafungiwa mahali pafinyu. Ya tatu, anapelekwa mbali. Mwaka 2021 mlimpeleka sayari ya Mars kuwa mtawala. Kwa haki, hiyo ya tatu mwandishi Al Ewing aliigeuza kuwa siasa nzuri katika X-Men Red ya 2022, kwa sababu kule Ororo alilazimika kubishana na watu wasiomwogopa.

Ile ya pili ndiyo inayotukera. Hofu ya Ororo ya kubanwa ilielezwa 1976, namba 102: ndege ya kivita iliangukia nyumba yao Cairo, baba akafa, na mtoto akafukiwa kifusini pembeni ya maiti ya mama yake. Kidonda cha namna hiyo hakikai kikingoja adui afunge mlango. Kinaonekana mapema, kwenye vitu vidogo. Chumba chake katika jumba la Xavier kilikuwa darini, penye mimea na mwanga wa mbingu, na waandishi wa zamani walijua kwa nini. Mtu kama huyo huchagua kiti cha karibu na mlango. Hupanda ngazi ghorofa kumi kuliko kuingia lifti, na huwa na kisingizio tayari. Isitoshe, nyinyi wenyewe mliweka kanuni kwamba hisia zake huvuta hali ya hewa. Basi adui akimfungia chini ya ardhi, hofu inapanda, na juu kule mji mzima unapigwa na mvua ya mawe. Hapo kumfungia kunakuwa kosa la adui, na Ororo anakuwa na kazi ngumu kuliko kuvunja ukuta: kujituliza ili wasioshiriki ugomvi wasiumie. Hadithi hiyo imekaa wazi tangu 1976.

Tuje kwenye mvua yenyewe.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ororo akinyesha milimita 25, mvua nzuri ya kuanzia kupanda, juu ya eneo la kilomita 10 kwa 10, amemwaga tani milioni 2.5 za maji. Yametoka wapi? Hewa ya ukanda wetu hata ikiwa imelowa vizuri, ukiikamua yote kutoka ardhini hadi juu kabisa, hutoa milimita 50 hivi. Ina maana amechukua karibu nusu ya unyevu uliokuwa ukipita, na upepo ulikuwa ukiupeleka kwa watu wengine. Kanuni ya kwamba akileta mvua hapa, mahali pengine panakauka, ni ya kwenu; mliwahi kuiandika, kisha mkaiacha iote kutu. Irudisheni. Msiigeuze kuwa hotuba ya Xavier; mleteni mtu wa kijiji cha pili, amefika kwa mguu, anauliza ni nani aliyegeuza upepo.

Mahali pa kuiweka hadithi hiyo papo. Milima ya Taita, Kenya, inapanda zaidi ya mita 2,200 kutoka nyika ya mita 700 hivi. Upepo wa bahari ukiigonga, unaacha ukungu na mvua juu. Chini yake Tsavo inabaki kavu, miiba na vumbi jekundu. Mchoraji akipata picha za pale hahitaji kubuni kitu. Bonde la kijani na nyika vimekaa kwenye fremu moja, na kila mtu anaona nani kapata na nani kakosa.

Na mvua ina wakati wake. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kaskazi na kusi huzigawana nyakati hizo kwa utaratibu ambao mabaharia waliujua kabla ya kuwapo idara ya hali ya hewa. Katika vitabu vyenu Ororo huleta mvua siku yoyote, watu wakainua mikono, ukurasa ukafungwa. Mkulima angemwuliza: mahindi yako wapi? Kama yako shambani yanatoa mbelewele, Mungu akubariki. Kama yameshavunwa na yameanikwa uani, umetuua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Mvua zilikuwa zimewahi wakati wa mavuno. Nafaka hiyo mtu huila kwa wiki nyingi bila kuona kitu. Kwa mwandishi anayetafuta bei ya mvua, hapo ipo, na haihitaji adui mwenye kofia ya chuma.

Mambo madogo ya fundi, yanayoharibika mara kwa mara. Kimbunga kamili cha baharini hakiumbiki kwa kawaida ndani ya nyuzi 5 za ikweta, kwa sababu mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha. Mombasa iko nyuzi 4 kusini. Basi Ororo akikizungusha Mombasa amefanya ambacho bahari yenyewe haiwezi, na wataalamu wanaotazama picha za setilaiti watajua dakika hiyo hiyo kwamba kuna mtu nyuma yake. Hawezi kuwa amejificha. Sauti ya ngurumo husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, kwa hiyo radi ya mbali na mlio wake visikae fremu moja. Kuruka kwake ni kwa upepo: kumwinua mtu mzima kutoka chini kunataka upepo wa kilomita 200 hivi kwa saa. Akitua katikati ya kijiji, mabati yamekwenda, makuti yamekwenda, na kuku hatuwazungumzii. Mwacheni atue nje ya kijiji aje kwa miguu. Ni adabu pia. Mgeni hupiga hodi. Mkitaka mvua ya mawe bila kuibuni, nendeni Kericho kwenye mashamba ya chai, ambako hunyesha mara nyingi kuliko karibu popote duniani.

Kuna suala la mungu mke. Toleo la 1975 linamwonyesha akiabudiwa na kijiji kisicho na jina, na tangu hapo kila mwandishi hulirudia neno hilo kama cheo. Wamaasai humwita Mungu Enkai, jina lenye kiambishi cha kike, na neno hilo hilo lina maana ya mvua na mbingu; yuko Enkai mweusi wa mvua na baraka, na mwekundu wa ghadhabu na ukame. Mtu anayetembea kwa miguu miwili hachanganywi naye. Anayeleta mvua, kwetu, ni mwenye kazi. Magharibi mwa Kenya, Bunyore, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa kazi hiyo kizazi hata kizazi. Husoma miti, wadudu na upepo, na miaka ya karibuni wamekaa meza moja na wataalamu wa idara ya hali ya hewa kulinganisha utabiri. Mwenye kazi huulizwa. Mvua ikikosekana, watu humfuata nyumbani kwake. Huo ndio ujana ambao Ororo alipaswa kuwa nao: binti anayehojiwa na wazee kila msimu, ambaye akija Marekani anashangaa kwamba hakuna anayemwuliza chochote.

Kijiji hicho hakina jina, na nusu karne imepita. Kipeni. Mnasema alitembea kutoka Cairo hadi nyika ya Serengeti, kisha mnaandika Kenya. Serengeti iko Tanzania. Upande wa Kenya ni Maasai Mara. Mtoto anaweza kuvuka mpaka, ng'ombe huvuka, nyumbu huvuka kila mwaka, lakini andikeni kwamba amevuka. Safari yenyewe, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 3,500. Kwa kilomita 25 kwa siku bila kupumzika hata siku moja, ni siku zaidi ya 140. Mnaimaliza kwa fremu mbili, jua na mchanga.

Lugha nayo inaweza kufanya kazi. Kiswahili kwenye vitabu vyenu huja ndani ya mabano ya pembe, na maelezo chini kwamba kimetafsiriwa. Sawa, kurasa ni chache. Ila fikirini: mtoto aliyekulia Cairo anafika Afrika Mashariki akijua Kiarabu cha mtaani. Anasikia watu barabarani, haelewi kitu, kisha masikio yanashika neno: kitabu. Sukari. Habari. Wakati. Safari. Hayo anayajua! Lugha ya kijijini, Kikamba au Kitaita au Kimaasai, itamchukua miaka. Kiswahili ndicho mlango aliokuta umeachwa wazi kidogo. Fremu nne zinatosha, na zingesema juu ya upweke wake mengi kuliko neno mungu.

Jina lake mmelifasiri kuwa uzuri. Kwa Kiswahili -ororo ni laini, na haliji bila kiambishi: mkono mwororo, ngozi nyororo. Hatudai mbadilishe, inawezekana lugha ya mama yake ina neno jingine. Lakini mtu mmoja sokoni angemcheka kwa upole, na Ororo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona laini, angecheka pia. Mwandishi Ta-Nehisi Coates, katika kitabu cha Black Panther, mfalme wa Wakanda, alimpa jina la Hadari-Yao, linalofasiriwa huko kuwa mtembea mawinguni. Wakanda ni nchi ya kubuni na ina haki ya lugha yake. Ila sisi tukiliona tunasoma hadhari yao, kama tangazo la redio kabla ya mvua kubwa. Si jina baya kwa kazi yake.

Suez kwa ufupi. Vita vya Suez vilivyowaua wazazi wake kule Misri ni vya 1956. Mtoto wa siku hizo leo ni bibi. Mwaka 2019 mlibuni vita vya Siancong ili Tony Stark, yaani Iron Man, na wenzake wasifungwe na miaka ya vita vya Vietnam. Mfanyieni Ororo hivyo hivyo mara moja, kwa maandishi, ili kila mwandishi mpya asikwepe utoto wake kwa kuogopa hesabu.

Na ndoa. Marvel Team-Up namba 100, mwaka 1980, ilionyesha kwamba Ororo na T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, walikutana wakiwa vijana. Walioana 2006. Mwaka 2012, katikati ya hadithi kubwa iliyopita kwenye vitabu vyote, Namor, mfalme wa baharini, akaigharikisha Wakanda, na T'Challa akaibatilisha ndoa kwa kurasa chache, katika kitabu kisicho cha mke wala cha mume. Wasomaji wetu hawakubaliani kama ndoa ile ilifaa. Wako waliosema tangu mwanzo kwamba mliwaoza kwa sababu ya rangi na bara. Lakini wote wanajua ndoa haivunjwi bila kikao. Wako wapi wazee? Nani alirudisha nini? Mwanamke mwenye uwezo wa kugeuza tufani alitoka kwenye ndoa yake bila kupewa hata toleo moja lake mwenyewe la kusema.

Tunajua biashara inavyokwenda. Maduka ya Marekani huagiza vitabu vingi bila ruhusa ya kuvirudisha, na hufunga hesabu ya oda wiki chache kabla ya kitabu kutoka. Mwenye duka asiyeona sababu huagiza nakala chache, nakala zikiwa chache mnasema hakiuziki, mnakikata. Kitabu cha Oktoba 2024, cha Murewa Ayodele wa Nigeria na mchoraji Lucas Werneck, kilionyesha kwamba mwandishi kutoka barani anaweza kukabidhiwa Ororo. Tunataka lisiwe jambo la mara moja.

Kwa hiyo ombi ni la ofisini. Mlipeni msomaji mmoja wa Kiswahili na mmoja anayejua hali ya hewa ya Afrika Mashariki, na wapewe hadithi ikiwa bado maandishi, kabla ya mchoraji kuanza penseli. Kosa la mahali likigunduliwa wakati huo ni sentensi moja kufutwa. Likigunduliwa wakati maneno yanapangwa juu ya picha, mlima umeshachorwa na kupakwa rangi, hakuna atakayeubomoa. Wekeni pia karatasi moja ya Ororo, ukurasa mmoja, kila mwandishi mpya aisome: kijiji kipi, lugha zipi na kwa mpangilio gani, mvua inatoka wapi, nini kinamtokea mahali pafinyu na kinaanzaje.

Wakati hayo yanasubiri kikao chenu, liko moja lisilohitaji bajeti. Mama yake mnamwandika N'Dare. Ritifaa katika Kiswahili ina kazi moja maarufu, kutofautisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Nd ni sauti moja, kama ndizi, kama ndugu. Iondoeni. Aitwe Ndare.

Wenu,
Wasomaji wa Ororo, kwa Kiswahili